Kingamwili: Historia ya Neno na ya Kipimo cha Damu Katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

Utangulizi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa Sheria ya Bunge Namba 27 ya mwaka 1967, kazi ya istilahi imezoeleka kutazamwa kama kazi ya kutafuta neno la Kiswahili la kukaa mahali pa neno la kigeni. Neno likishapatikana, likajadiliwa, likasanifiwa na kuingizwa katika orodha, wengi wetu huhesabu kwamba safari imefika mwisho. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano wa istilahi moja ya utabibu, kwamba neno lililo sahihi katika orodha laweza kumpoteza msikilizaji linapofika kitandani pa mgonjwa, na kwamba historia ya matumizi yake ndiyo itufundishayo namna ya kulitegemeza.

Istilahi yenyewe ni "kingamwili". Kingamwili ni protini ambazo mwili huziunda ili kumkabili mgeni aliyeingia ndani yake, awe virusi, bakteria au kuvu. Kila aina ya kingamwili hulingana na mgeni wake, kama kifuniko kinavyolingana na chungu chake. Kwa sababu hiyo, mtaalamu wa maabara akizikuta kingamwili fulani katika damu aweza kusema kwamba mwili huo umekwisha kukutana na mgeni fulani, hata kama mgeni mwenyewe hakuonekana.

Wilaya za Ngara na Biharamulo, zilizo kusini mwa Mkoa wa Kagera, zinatufaa kwa sababu tatu. Kwanza, mkoa huu, ambao hadi mwaka 1979 uliitwa Ziwa Magharibi, ndio uliotangulia katika Tanzania kuujua UKIMWI, na kwa hiyo ndio uliotangulia kukihitaji kipimo cha kingamwili. Pili, wilaya hizi mbili zilipopimwa mwaka 1987 zilitoa jibu lililotofautiana sana na la jirani zake wa Bukoba, na tofauti hiyo ina somo kubwa kwa mfasiri. Tatu, Ngara iko mpakani mwa Rwanda na Burundi, mahali ambapo maneno ya utabibu hukutana na lugha nyingine na desturi nyingine ya kutaja maradhi.

Tutaanza na chimbuko la istilahi hii Ulaya, kisha tutaingia Kagera, na mwisho tutaeleza kwa nini kipimo hicho hicho kilichofaa sana kwa virusi hakifai kwa maradhi ya fangasi kama ile ya kinywani.

Chimbuko la istilahi

Mwaka 1890, mjini Berlin, Emil von Behring na mwenzake Kitasato Shibasaburo walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda au ya dondakoo huwa na kitu kinachoivunja nguvu sumu hiyo. Mwaka uliofuata Paul Ehrlich alikitaja kitu cha namna hiyo kwa neno la Kijerumani "Antikörper". Mwaka 1896 Fernand Widal wa Paris akaugeuza ugunduzi huo kuwa chombo cha kutambulia ugonjwa: majimaji ya damu ya mgonjwa wa homa ya matumbo yalipochanganywa na bakteria wa homa hiyo, bakteria waligandamana. Jina la Widal lingali likisikika katika maabara zetu. Mwaka 1899 Ladislas Deutsch, mtafiti kutoka Hungaria, alitoa neno "antijeni" kwa kile kinachouchokoza mwili hata ukaunda kingamwili. Mwaka 1906 August Wassermann na wenzake wakatoa kipimo cha damu cha kaswende.

Hapa pana jambo la kumfikirisha mwanaistilahi. Katika neno la Kijerumani, sehemu ya pili, "Körper", haina maana ya mwili wa binadamu. Ina maana ya kitu, chembe, umbo lolote lenye kushikika. Neno zima, basi, lasema "kitu kipingacho". Halimwahidi mtu usalama. Lasema tu kwamba kimetokea kitu cha kupambana na kingine, na matokeo ya pambano halisemi. Neno letu "kingamwili" limejengwa kwa namna nyingine. Sehemu yake ya kwanza ni "kinga", neno lenye heshima kubwa katika Kiswahili: mtu hukinga mvua, hukinga pigo, na wote twajua kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Sehemu yake ya pili ni mwili wa mtu mwenyewe. Msikilizaji asiyefunzwa husikia "kile kinachoulinda mwili". Neno la Kijerumani lilitaja pambano. La Kiswahili limetaja ulinzi.

Hatusemi kwamba neno hilo ni baya. Ni fupi, latamkika, limeenea, na kwa kiasi kikubwa laeleza kazi ya kitu chenyewe. Tunasema tu kwamba limebeba ahadi ambayo kitu chenyewe si mara zote hukitimiza, na ahadi hiyo ndiyo iliyoleta utata tutakaouona.

Kabla ya kipimo: utando mweupe

Kwa miaka mingi, katika zahanati na hospitali za sehemu hizi, kupima damu kulikuwa na maana moja: kumtafuta mdudu kwa darubini. Tone la damu lilitandazwa juu ya kioo, likatiwa rangi, na mpimaji akatafuta vijidudu vya malaria, vya homa ya papasi, au vya malale iletwayo na mbung'o wa mapori. Mdudu akionekana, ugonjwa upo. Lugha ya kazi hiyo ilikuwa rahisi, kwani jicho la mpimaji na ulimi wa mgonjwa vilikubaliana: "wamekuta vijidudu".

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika Mkoa wa Kagera. Wakati huo virusi vyenyewe vilikuwa ndiyo kwanza vinaelezwa na watafiti wa Taasisi ya Pasteur huko Paris, na kipimo hakikuwapo. Watu wa mkoa waliupa ugonjwa huo jina la "Juliana", kutokana na nguo za jina hilo zilizokuwa zikiingia kwa biashara ya mpakani. Ufikapo mwaka 1986, mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kuwa na wagonjwa.

Kwa kuwa hospitali nyingi za Afrika hazikuwa na uwezo wa kupima damu kwa ajili ya ugonjwa huu, mwezi Oktoba 1985 Shirika la Afya Duniani liliitisha mkutano mjini Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, kutunga ufafanuzi wa UKIMWI utakaotegemea dalili peke yake. Mtu mzima alihesabiwa kuwa na UKIMWI akiwa na dalili kubwa mbili, mathalani kukonda kupita kiasi na kuharisha kwa zaidi ya mwezi mmoja, pamoja na angalau dalili moja ndogo. Miongoni mwa dalili ndogo ulikuwamo utando mweupe wa kinywani na kooni, unaoletwa na fangasi aitwaye kandida. Tena, mgonjwa aliyethibitika kuwa na homa ya uti wa mgongo iletwayo na fangasi mwingine, kriptokokasi, alihesabiwa kuwa na UKIMWI bila ya kuhitaji dalili nyingine.

Kwa hiyo, kabla kipimo cha damu hakijafika, fangasi hawa wawili walitumika kama mashahidi wa hali ya damu. Mganga mwenye tochi na kijiti cha kubonyezea ulimi aliweza kuona mdomoni mwa mgonjwa kile ambacho maabara yake haikuweza kukionyesha.

Msamiati wa fangasi hawa nao una historia yake. Bernhard von Langenbeck wa Ujerumani alieleza kuwapo kwa kuvu katika utando wa kinywani mwaka 1839, na mwaka 1923 Christine Berkhout wa Uholanzi akaunda jina la jenasi "Candida", kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya weupe. Kiswahili, bila ya kumwiga yeyote, kilikwisha kusema "utando mweupe". Macho ya mtaalamu wa Uholanzi na ya bibi wa Ngara yaliona jambo moja.

Tatizo liko katika jina la kundi. Kandida na kriptokokasi wanafanana na hamira kwa umbo: ni kuvu wa chembe moja moja, wanaozaana kwa kuchipua. Lakini "hamira" kwa Mswahili ni kitu cha dukani cha kuumulia maandazi, na mfasiri akiandika "maambukizi ya hamira" atamfanya mgonjwa aogope mkate. "Chachu" lina upana zaidi, kwa kuwa latokana na kuchacha, na mtu wa Kagera anayejua jinsi rubisi inavyoiva mtungini hahitaji kuelezwa kwamba kuna kitu hai kinachofanya kazi humo. "Ukungu" ni ule wa mkate uliolala. "Kuvu" ndilo neno linalofaa kwa himaya nzima ya viumbe hawa katika vitabu vya elimu ya viumbe. Hata hivyo, hospitalini na mitaani neno lililoshinda ni "fangasi", na kwa mgonjwa hilo ndilo la kutumia.

Mwaka 1987

Kipimo cha kwanza cha kingamwili za virusi vya UKIMWI kiliidhinishwa Marekani mwezi Machi 1985. Kilitumia njia ya ELISA, iliyobuniwa Stockholm mwaka 1971 na Eva Engvall na Peter Perlmann. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1987, watafiti wa Muhimbili, akiwamo Japhet Killewo, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Umeå nchini Uswidi, walifanya uchunguzi katika Mkoa wa Kagera. Hawakuwapima wagonjwa wa hospitali. Waliwapima wananchi waliochaguliwa kwa sampuli kutoka katika kaya zao. Watu wazima wa miaka 15 hadi 54 walikuwa 2,475, na watoto walikuwa 1,961.

Mkoa uligawanywa katika kanda nne. Katika mji wa Bukoba, asilimia 24.2 ya watu wazima walikutwa na maambukizi. Katika kanda ya vijijini ya Bukoba na Muleba ilikuwa asilimia 10.0, na Karagwe asilimia 4.5. Kanda ya nne ilikuwa Ngara na Biharamulo. Huko ilikuwa asilimia 0.4. Kwa watoto wa kanda hiyo ya nne hakupatikana hata mmoja.

Kila damu iliyoitikia katika ELISA ilirudiwa kwa kipimo cha pili cha uthibitisho. Jambo hilo laonekana kuwa la kiufundi tu, lakini kwa hakika ndilo lenye uzito kuliko yote kwa mtu anayeshughulikia lugha. Tutoe mfano wa hesabu. Tuchukue kipimo kizuri kinachowatambua wote wenye maambukizi, lakini kinamkosea mtu mmoja katika kila watu 100 wasio nayo. Tukiwapima watu 1,000 wa Ngara na Biharamulo kwa kiwango cha mwaka 1987, wenye maambukizi watakuwa 4, na wasio nayo 996. Kipimo kitaitikia kwa wale 4, na pia kwa watu wapatao 10 wasio na chochote. Katika watu 14 walioitikiwa, ni 4 tu wenye ugonjwa. Tukiwapima watu 1,000 wa mji wa Bukoba, wenye maambukizi watakuwa 242, na watakaokosewa watakuwa 8 hivi. Katika 250 walioitikiwa, 242 ni kweli.

Kipimo ni kile kile, na neno liandikwalo katika karatasi ni lile lile, ila ukweli wake umebadilika kwa kuvuka mpaka wa wilaya. Mtu wa Bukoba aliyeambiwa kwa kipimo kimoja kwamba anao ugonjwa aliambiwa jambo lililo karibu na hakika. Mtu wa Ngara aliyeambiwa hivyo hivyo angeweza kuvunja ndoa na kuuza shamba kwa jambo lisilokuwapo. Ndiyo sababu wataalamu wa maabara hutofautisha kati ya damu "iliyoitikia" na maambukizi "yaliyothibitishwa". Maneno haya mawili si visawe, na mfasiri anayeyafanya kuwa neno moja kwa ajili ya wepisi wa sentensi anafuta kazi yote ya kipimo cha pili.

Kinga iliyosikika kama heri

Sasa turudi kwenye neno. Jina la ugonjwa wenyewe, UKIMWI, limefupishwa kutoka "Ukosefu wa Kinga Mwilini", na baadaye ikazoeleka "Upungufu wa Kinga Mwilini". Ni jina zuri, kwa kuwa laeleza kinachotokea. Lakini liweke sambamba na jina la kile kinachopimwa. Ugonjwa ni upungufu wa kinga. Kipimo kinatafuta kingamwili. Na mtu akikutwa nazo, ndiye mgonjwa. Asiye nazo ndiye aliye salama. Kwa sikio la mwananchi, sentensi "umekutwa na kingamwili za virusi vya UKIMWI" ni habari njema kabisa: mwili wako una kinga dhidi ya ugonjwa huo. Kinyume chake, "hukukutwa na kingamwili" yasikika kama onyo.

Utata ukazidishwa na maneno mawili yaliyotoka katika hisabati. "Chanya" na "hasi" ni maneno mazuri ya kuhesabia, lakini yalipotoka darasani yalichukua maana ya wema na ubaya: mtazamo chanya, tabia hasi. Mgonjwa akielezwa kwamba majibu yake ni chanya, na kwamba kingamwili zimeonekana, amepewa maneno mawili ya heri kwa ajili ya habari moja nzito.

Wahudumu wa afya hawakungoja baraza lolote liwasaidie. Kimatumizi, walisema "una maambukizi" na "huna maambukizi", wakaacha kingamwili zibaki katika daftari la maabara. "Kupima damu" nako kukapata maana ya pekee: mtu akisema vijana watakwenda "kupima" kabla ya ndoa, haulizwi kupima nini. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete alipozindua kampeni ya taifa ya upimaji kwa kupima yeye mwenyewe hadharani, wananchi walihimizwa kupima kwa hiari bila ya kulihitaji neno kingamwili.

Hata hivyo neno hilo haliwezi kuepukwa daima, kwa sababu yapo mambo yasiyoelezeka bila yake. Tutaje mawili.

La kwanza ni la mtoto mchanga. Kingamwili za mama hupita katika kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto aliye tumboni. Mtoto huyo akipimwa kingamwili kabla ya kutimiza miezi 18, kipimo chaweza kuitikia kwa sababu ya mama peke yake. Kusema "mtoto ana virusi" hapo ni kosa. Kusema "mtoto ana kingamwili za mama yake" ndiyo kweli, na mama hana budi kulielewa neno hilo ili asikate tamaa na kuacha kumrudisha mtoto kwa kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe.

La pili ni la muda kati ya siku ya kuambukizwa na siku kingamwili zitakapoweza kuonekana. Wako waliolitafsiri jina la muda huo kuwa "kipindi cha dirisha". Msomaji wa Kiswahili atauliza: dirisha la nyumba gani? Tafsiri hiyo imenakili umbo na kuiacha maana nyuma. Ni afadhali kusema kwa maneno mengi kidogo, "kipindi kabla kingamwili hazijaonekana", kuliko kusema kwa maneno machache yasiyofungua kitu.

Mpakani: UKIMWI na SIDA

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24, watu wapatao 250,000 waliokimbia kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Wilaya ya Ngara. Kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa uliozuka kwa usiku mmoja, na wengi wa wakimbizi hao walibaki katika wilaya hiyo hadi Desemba 1996.

Pamoja nao liliingia jina "SIDA", ambalo Rwanda, Burundi na Kongo walilipokea kutoka Kifaransa. Kwa Wahangaza, ambao lugha yao iko karibu sana na Kirundi na Kinyarwanda, ugonjwa mmoja sasa ulikuwa na majina mawili katika gulio moja. Kifaransa pia kilikuwa na namna yake ya kumtaja mtu aliyekutwa na maambukizi, namna inayotaja majimaji ya damu bila kutaja kinga wala mwili. Neno hilo la Kifaransa ni gumu kwa mwananchi, lakini halimdanganyi.

Katika kambi hizo magonjwa ya zinaa yalitathminiwa mwaka huo huo wa 1994, na kaswende ilitafutwa kwa kipimo cha kingamwili. Hapa kingamwili zina maana ya tatu. Baadhi ya kingamwili za kaswende hubaki katika damu hata baada ya mgonjwa kutibiwa na kupona, kama kovu libakivyo baada ya kidonda. Tukikusanya pamoja, basi, twaona kwamba katika UKIMWI kingamwili zasema mgeni bado yumo. Katika kaswende huenda zikasema alikuwamo zamani. Na kwa mtu aliyechanjwa homa ya ini ya aina B, kingamwili zasema yuko salama. Ni katika hali hiyo ya mwisho tu ndipo neno letu linapotimiza ahadi yake yote.

Mahali kingamwili zinaponyamaza

Inafaa sasa kuuliza: kama kipimo cha kingamwili kimefaa hivyo kwa virusi, kwa nini kisitumike kuwatambua fangasi wale wale waliokuwa mashahidi mwaka 1985?

Jibu linatokana na makao ya fangasi hao. Kandida huishi kinywani na tumboni mwa watu wengi wenye afya njema, bila kuwadhuru. Miili yao imekwisha kukutana naye na imekwisha kuunda kingamwili. Kwa hiyo kuzikuta kingamwili za kandida katika damu si kuukuta ugonjwa. Kwa upande mwingine, mtu ambaye kinga yake imeporomoka, ambaye ndiye hasa anayeshambuliwa, huenda mwili wake ukashindwa kuunda kingamwili za kutosha. Aliye mzima anazo, na aliye mahututi aweza kuzikosa. Ndiyo maana fangasi wa kinywani hutambuliwa kwa macho na kwa kukwangua utando na kuutazama kwa darubini, si kwa damu.

Kutolielewa jambo hili si kosa la wasiosoma peke yao. Mwaka 1983 daktari wa Marekani, William Crook, alichapisha kitabu kilichodai kwamba maradhi mengi yasiyoelezeka, kama uchovu na maumivu ya kichwa, yanatokana na kandida. Vipimo vya kingamwili za kandida vikauzwa kwa watu wengi wenye afya. Mwaka 1986 chama cha wataalamu wa mzio na kinga cha nchi hiyo kilitamka kwamba madai hayo hayakuthibitishwa, lakini vipimo vya namna hiyo havikukoma kutafuta wanunuzi.

Kwa kriptokokasi njia ilipatikana, nayo yapita upande wa pili wa istilahi zetu. Fangasi huyu amejifunika kwa gamba zito la sukari. Zamani alitambuliwa kwa kuchanganya maji ya uti wa mgongo na wino mweusi, akaonekana kama duara jeupe gizani. Mwaka 1963 kilitolewa kipimo kinachotafuta chembe za gamba hilo, yaani antijeni. Mwaka 2011 kipimo cha kitepe, kisichohitaji mashine, kiliidhinishwa Marekani, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likashauri wagonjwa wa UKIMWI ambao kinga yao imeshuka sana wapimwe antijeni hiyo kabla ya kuugua. Utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 2002 ulikuwa umeonyesha kwamba antijeni huonekana katika damu siku 22 hivi kabla ya dalili. Utafiti mwingine, uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba wagonjwa waliopimwa antijeni hiyo na kutembelewa nyumbani katika majuma ya kwanza ya matibabu walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 28.

Tazama sasa hatari ya kalamu ya mfasiri. Antijeni ni kipande cha mgeni. Kingamwili ni jibu la mwenyeji. Mfasiri akiziita zote mbili "kingamwili", au akiandika tu "kipimo cha damu cha fangasi", mhudumu wa zahanati hatajua kama karatasi iliyo mbele yake yamtaka aanze dawa leo au yampa habari isiyo na maana. Siku 22 si nyingi.

Biharamulo nayo imepata somo lake la karibuni. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuzuka kwa ugonjwa wa virusi vya Marburg katika wilaya hiyo. Hadi ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025, waliothibitishwa walikuwa 2 na waliodhaniwa 8, na wote 10 walifariki. Ugonjwa unaoua kwa siku chache haumngojei mtu aunde kingamwili. Hapo maabara hutafuta vinasaba vya virusi vyenyewe. Na maneno "kushukiwa", "kudhaniwa" na "kuthibitishwa", ambayo katika mazungumzo ya kawaida hupishana bila madhara, katika taarifa ile kila moja lilikuwa na hesabu yake ya watu.

Mapendekezo

Kutokana na historia hii tunapendekeza mambo manne kwa watafsiri, walimu na watumishi wa umma.

Kwanza, "kingamwili" liendelee kutumika kwa maana ya protini hizo tu, na uwezo wa jumla wa mwili kujilinda uitwe "kinga ya mwili". Tukumbuke, hata hivyo, kwamba tofauti hii huonekana zaidi katika maandishi kuliko kusikika. Redioni na katika ushauri nasaha neno lifuatwe na maelezo: "kingamwili, yaani dalili kwamba mwili umekwisha kukutana na virusi".

Pili, "antijeni" lipokewe kama lilivyo, na lielezwe kuwa ni kipande cha kimelea. Kulitafutia neno lenye mzizi wa "kinga" ndani yake kutazidisha utata tuliouona.

Tatu, neno "hamira" libaki jikoni. "Kuvu" litumike katika mafunzo, na "fangasi" katika mazungumzo na mgonjwa.

Nne, kila jina la kipimo lijibu swali moja: kinatafuta nini? Kipimo cha vijidudu, kipimo cha antijeni, kipimo cha kingamwili, kipimo cha vinasaba. "Kipimo cha damu" hutaja mahali tunapotafuta tu, kama mtu anayesema amekwenda porini bila kusema kama amefuata kuni au ng'ombe aliyepotea.

Hitimisho

Watu 2,475 wa Kagera waliotoa damu yao mwaka 1987 walitoa pia, bila kujua, somo la lugha. Damu ya Bukoba na damu ya Ngara ziliandikwa kwa maneno yale yale, na maneno hayo hayakuwa na uzito mmoja. Kamati ya istilahi haiwezi kuzuia jambo hilo kwa kusanifu neno peke yake. Inaweza, na inapaswa, kulifuata neno hadi linapotamkwa, na kusikiliza jinsi lilivyopokelewa. Mwananchi aliyesikia heri katika neno "kingamwili" hakukosea Kiswahili. Alikisikia sawasawa, wajibu wa kumfafanulia ni wetu.